Saa ya Kinyozi: Kumuaga Bi Ardith Moldenhauer

Baada ya miaka thelathini na minane, miezi mitano na siku ishirini na tatu ya utumishi, Bi Ardith Moldenhauer, Karani wa Miswada wa Seneti ya jimbo letu, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, saa kumi na moja kamili jioni. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Jarida hili lilikuwa limeandika "takribani miaka arobaini", kwa kuwa inapendeza masikioni, likarudishiwa karatasi yake ikiwa na alama nyekundu.

Jarida lisione aibu, kwani halikuponzwa peke yake. Mwezi Mei Seneti na Baraza la Wawakilishi walipitisha kwa kauli moja azimio la kumpongeza, nao ni watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa ya chakula cha mchana. Azimio lilisema miaka thelathini na tisa. Kwa utaratibu wetu, azimio la mabaraza yote mawili hupelekwa kwa Gavana, na anayelipeleka ni Bi Ardith. Alilisoma, akavua miwani, akalifungia kwenye droo. "Mimi simpelekei Gavana uongo," alisema, "hata ukiwa wa kunisifu." Kulirekebisha kunahitaji kura mpya, na kikao kimeshafungwa. Ndiyo maana mama huyu anaondoka bila pongezi rasmi ya dola, kwa uamuzi wake mwenyewe, na kazi ya kumsifu imeangukia jarida la wafanyakazi na mwenzake mmoja wa ghorofa ya pili.

Bi Ardith alifika hapa Jumatatu, tarehe 7 Januari 1985, akiwa mpiga chapa wa muda. Alitoka shambani kwao na sanduku moja, kofia ya sufu, na bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililofunikwa jibini, ambalo mama yake aliamini lingemtosha kwa kikao kizima. Ajira ilikuwa ya siku sitini. Siku ya sitini hakuna aliyemwambia aondoke, naye si mtu wa kufanya jambo bila maandishi, akabaki. Miaka sita baadaye Seneti ikampa cheo alichonacho mpaka jioni ya leo.

Kwa wageni watakaokuwepo kwenye hafla, kazi yake ni hii. Muswada ukishapigiwa kura, unakuwa wake. Huuchapa upya ukiwa safi, huusoma kwa sauti tangu neno la kwanza mpaka la mwisho kuhakikisha ndio uliopigiwa kura, huutafutia sahihi za maspika wawili, kisha huupeleka kwa miguu ofisini kwa Gavana. Ni hatua mia moja na kumi na mbili. Pale mezani kuna mashine ya muhuri yenye saa ndani yake. Inagonga tarehe na saa, mpokeaji anatia sahihi kwenye kitabu cha Bi Ardith, na tangu kugongwa kwa muhuri huo Gavana ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Anaweza kuusaini. Anaweza kuurudisha akieleza kwa nini anaukataa. Akinyamaza, na Seneti bado iko kikaoni siku kumi zikiisha, unakuwa sheria bila yeye. Lakini akinyamaza na Seneti ikawa imefunga kikao kabla ya siku hizo kutimia, muswada unakufa kimya kimya mfukoni mwake, na hakuna wa kulaumiwa.

Wanasheria wanaandika vitabu vinene juu ya mgawanyo wa madaraka kati ya wanaotunga sheria na wanaozitekeleza. Sisi wa ghorofa ya pili tunaujua kama korido yenye zulia lililochakaa katikati, na Bi Ardith juu yake na viatu visivyo na kisigino.

Wengi wamejaribu kuifupisha korido hiyo. Kuna seneta aliyemfuata siku moja baada ya kura, akamnong'oneza kuwa limesahaulika neno moja tu, aliongeze.

"Lilipigiwa kura?"

"Halikupigiwa, lakini kila mtu alikuwa nalo moyoni."

"Basi kila mtu arudi alipigie kura. Mimi sichapi ya moyoni."

Seneta huyo aliondoka amenuna, na mpaka leo kila mwaka anamletea pai ya cheri wakati wa kikao.

Lakini utumishi wake ukiulizwa kwa siku moja, siku yenyewe ni Alhamisi, tarehe 15 Machi 2001. Tumeisimulia mara nyingi sana kantini, na kila msimulizi ana chumvi yake. Hapa chini hakuna chumvi. Mhusika ameupitia ukurasa huu na kuiondoa yote.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma yake. Januari 1999 theluji ilianguka siku nne mfululizo, ng'ombe wakafa wamesimama, na Gavana Lowell Haugrud akatangaza hali ya dharura. Alifanya vyema, wala hakuna aliyemlaumu. Sheria ya wakati ule ilimruhusu, dharura ikiwepo, kutoa amri zenye nguvu ya sheria mpaka yeye mwenyewe aseme imekwisha. Theluji ikayeyuka Aprili. Dharura haikuyeyuka. Kiangazi kikapita, na cha pili kikapita, watu wakachoma nyama uani wakiwa wamevaa kaptura, na jimbo letu likaendelea kuwa katika dharura ya theluji. Amri za kwanza zilihusu magari ya kusafisha barabara. Zikafuata za leseni za uwindaji. Ikafuata iliyohamisha maegesho ya magari ya maseneta mpaka ng'ambo ya mto. Na Februari 2001 ikatoka amri ya ukurasa mmoja na nusu iliyofunga, ifikapo mwisho wa Mei, shule ya viziwi ya mji wa Grable, yenye watoto sabini na watatu, bila kura hata moja kupigwa popote.

Ukweli usemwe: kilichowaamsha maseneta si shule, ni maegesho. Kutembea darajani na upepo wa Februari kunamkumbusha mtu Katiba haraka sana. Kiongozi wa walio wengi, Seneta Emmett Zabloudil, ambaye alikuwa chama kimoja na Gavana na rafiki yake wa uvuvi, aliwasilisha muswada wa kurasa sita. Ulisema dharura yoyote itakufa yenyewe baada ya siku thelathini Baraza lisipoikubali, na amri zote zilizotolewa chini ya dharura iliyopitwa na wakati zitakufa pamoja nayo, ile ya shule ikiwemo.

Gavana alikuwa anagombea tena mwaka uliofuata. Hakutaka kuusaini, asije akapoteza rungu lake. Hakutaka kuukataa hadharani, asije akaonekana kwenye picha za magazeti pamoja na watoto sabini na watatu. Alitaka ufie mfukoni. Na kwa sababu Seneti ingefunga kikao siku ya kumi na moja tangu Alhamisi ile, Jumapili hazihesabiwi, muswada ulitakiwa umfikie siku hiyo hiyo kabla ya ofisi yake kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukichelewa dakika moja, umekwisha, na shule imekwisha.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kati yetu aliyelijua siku hiyo. Bi Ardith ana mdogo wake, Lorna, ambaye ni kiziwi tangu akiwa na miaka mitatu. Lorna alisoma katika shule ile ile, na wakati huo alikuwa amefundisha useremala hapo hapo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na chumba chake pale, karakana yake, watu wake wote.

Kura ilipigwa saa tisa na dakika arobaini. Bi Ardith akachapa, kisha akaketi kusoma. Seneta Zabloudil alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akihema.

"Ardith, ruka. Tunajua kilichomo."

"Mnajua mlichokusudia. Kilichomo ndio nakisoma."

"Ukurasa wa sita uache basi, ni sahihi tu na tarehe!"

"Tarehe ndiyo kesi zote huanzia, Mheshimiwa. Nisogezee taa."

Ilipofika saa kumi na nusu alikuwa bado ukurasa wa nne. Hapo seneta akakumbuka mila yetu. Wasiofanya kazi hapa hawaijui, na wanaofanya hawaitaji mbele ya wageni: kikao kikielekea ukingoni na kazi haijaisha, tunailaza saa ya ukumbini. Ni saa ya zamani ya ukutani, yenye pendulamu. Bawabu mmoja hutumwa na ufagio, anaupachika mpini kwenye pendulamu, na tangu hapo, kwa Seneti, muda hauendi. Sheria nyingi nzuri za jimbo hili zimepitishwa katika dakika moja iliyodumu saa nne. Siku ile bawabu akatumwa. Jina lake tuliache kwanza. Alikuwa amefanya hivyo mara kumi na moja kabla, na mkono ulikuwa umeshazoea.

Bi Ardith alimaliza kusoma, akapata sahihi za maspika, akaangalia saa yake ya mkononi. Saa kumi na dakika arobaini na moja.

"Huna haja ya kukimbia," Seneta Zabloudil alimwambia, akimwonyesha ukutani kama mtu anayempa mtoto peremende. "Angalia. Ni saa kumi na nusu. Nenda taratibu, na ukifika kokote, andika saa kumi na nusu."

"Saa ya ukumbini ni yenu. Ilazeni, iamsheni, iimbieni mkitaka. Karatasi hii inatoka nje ya ukumbi."

"Ardith, ni kwa faida ya shule ile. Una roho ya chuma wewe?"

Alichukua kitabu chake na jalada, akamwambia yule bawabu aache ufagio ulipo, amfuate awe shahidi. Walitembea hatua zote mia moja na kumi na mbili, wakaukuta mlango wa Gavana umefungwa. Palikuwa na karatasi imebandikwa: MAZOEZI YA MOTO. TUTARUDI SAA KUMI NA MOJA NA ROBO.

Bawabu alikwenda dirishani. Chini, kwenye uwanja mweupe wa theluji, ofisi nzima ya Gavana ilikuwa imesimama ikiruka ruka kwa baridi, bila makoti. Curtis Wempner, mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa katikati yao, amekumbatia kitu kizito kilichoviringishwa skafu. Ilikuwa mashine ya muhuri. Wameacha nyaraka za jimbo ziungue, wakaokoa saa.

"Twende chini, Bi Ardith, tumkabidhi Wempner pale pale," bawabu alisema.

"Atasema hana ofisi. Na saa yake hatatuonyesha." Akasogea dirishani, akabandika uso kwenye kioo. "Wahesabu wote. Gavana yuko?"

Hakuwepo. Na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika jengo hili angejua kwamba Lowell Haugrud hawezi kusimama kwenye theluji bila kofia hata moto ungekuwa wa kweli. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi jioni Gavana alikula chakula na wafadhili wake, na kabla ya chakula alinyolewa.

Walishuka ngazi mbili mbili. Kwenye kona ya ngazi za mwisho Bi Ardith alisimama kushika reli, mikono ikimtetemeka hata jalada likagonga chuma. Bawabu akadhani ni pumzi. Alimwambia, kwa kumwonea huruma, "Lakini Bi Ardith, ukiandika saa kumi na nusu nani atajua?"

"Wewe," alisema. "Na mimi. Tumeshakuwa wengi mno. Shuka."

Duka la kinyozi liko chini kabisa, karibu na chumba cha mitambo ya joto. Wakati ule lilikuwa la Leroy Pettaway, mwanajeshi mstaafu wa anga aliyekuja jimboni kwa amri ya jeshi na kubaki kwa hiari yake, jambo ambalo wenyeji hawajaacha kulistaajabia. Alikuwa na viti viwili, redio moja, na saa ya duara ukutani ambayo aliirekebisha kila asubuhi kwa kufuata redio. Gavana alikuwa kiti cha pili, ameinuliwa kidevu, povu mpaka masikioni.

"Ardith! Huoni ninanyolewa?"

"Naona, Mheshimiwa. Nimekuletea muswada."

"Ofisi yangu iko juu."

"Ofisi yako iko nje kwenye theluji, inaruka ruka. Katiba inasema muswada uletwe kwa Gavana. Haikutaja meza yake."

"Na nikikataa kuupokea?"

"Nitaandika umekataa. Nitaandika saa, mahali, na povu."

Gavana alianza kucheka. Mzee Pettaway akamshika paji la uso. "Gavana, nakuomba usicheke. Nina wembe shingoni mwako, na mimi sina kinga ya mashtaka."

Alipotulia, Gavana alinyoosha mkono kutoka chini ya shuka, akatia sahihi kitabuni. Tone la povu likaangukia mstari huo huo. Bi Ardith hakulipangusa. Alilizungushia wino na kuandika pembeni "povu, la Gavana". Kisha akatazama ukutani, akaandika kwa mkono wake: saa kumi na dakika hamsini na mbili, kinyozini, kiti cha pili.

Siku kumi zikapita. Gavana hakusaini, hakurudisha. Seneti ikafunga kikao, na asubuhi iliyofuata Wempner akatangaza kwamba muswada umekufa: haukugongwa muhuri, haukufika ofisini, na kwa vyovyote vile hakuna anayejua ulipokelewa saa ngapi. Amri ya kufunga shule, alisema, iko palepale. Seneti ikaenda Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo nayo iko jengo hili hili, upande wa mashariki, ghorofa moja juu yetu, kwa hiyo kwenda mahakamani kwetu ni kupanda ngazi. Majaji walisitisha amri ya shule mpaka watakapoamua, na wakasema wao wenyewe watasikiliza mashahidi.

Jioni ya kuamkia siku ya ushahidi Seneta Zabloudil alikuja mezani kwa Bi Ardith na kuvuta kiti.

"Wakikuuliza juu ya kinyozi, sema yote. Wakikuuliza juu ya ufagio, hukuona."

"Niliona."

"Basi hukumbuki."

"Mheshimiwa, kazi yangu nzima ni kukumbuka."

"Januari tunachagua makarani upya. Nadhani unalifahamu hilo."

"Nalifahamu. Tarehe ninayo."

Siku ya ushahidi ukumbi ulijaa mpaka kwenye madirisha. Wakili wa Gavana hakuanza na kinyozi hata kidogo. Alianza na saa. Alimuuliza Bi Ardith kama ni kweli Seneti, mwajiri wake, ilisimamisha saa yake jioni ile ili kudanganya muda. Kila mtu aliona mtego ulivyotegwa: akikana, kuna maseneta thelathini na watatu walioona, akikubali, basi Seneti ni waongo wa saa, na nani atamwamini karani wao na dakika zake hamsini na mbili? Mdogo wake alikuwa Grable, akifundisha watoto kupiga randa katika karakana ambayo huenda ingefungwa.

"Ilisimamishwa," Bi Ardith alisema. "Saa kumi na nusu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ufagio."

"Na nani?"

Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na bawabu mmoja mnene ambaye shati lilikuwa limemlowa mgongo mzima. Alikuwa na nyumba, watoto wawili, na barua ya kufukuzwa kazi ambayo tayari alikuwa akiisoma kichwani.

"Na mtumishi aliyetumwa," alisema Bi Ardith. "Aliyemtuma yuko mstari wa mbele, amevaa tai ya kijani."

Majaji watano walinyoosha shingo kutazama tai. Seneta Zabloudil aliikunja ndani ya koti, lakini alikuwa amechelewa. Jaji mkuu alisubiri kicheko kiishe, kisha akamwita Mzee Pettaway, ambaye aliapa kwamba saa yake ilikuwa sahihi. Aliulizwa anaegemea upande gani. "Mimi ninanyoa mihimili yote mitatu," alijibu. "Nikiegemea, ninakata mtu sikio. Na wewe, Mheshimiwa Jaji, uliniahidi kuja Jumanne hukuja."

Hukumu ilikuwa ya majaji wanne dhidi ya mmoja. Ilisema Seneti ina haki ya kuilaza saa yake ndani ya ukumbi wake, na Mahakama haitaingia humo na ufagio wake yenyewe. Lakini Seneti haiwezi kuwalazia saa watu wa nje. Ilisema Gavana ana haki ya kufunga mlango wake, lakini kwa kufunga mlango hajafunga Katiba. Na ilisema kwamba karani anayekiri kosa la upande wake mwenyewe, mbele ya wanaoweza kumfukuza, anaaminika dakika zake zote. Muswada ulikuwa umefika. Siku kumi zilikuwa zimepita. Ulikuwa sheria. Dharura ya theluji ikaisha rasmi mwezi Juni, nyuzijoto zikiwa thelathini na nne, na Grable haikufungwa hata siku moja.

Bi Ardith alishuka ngazi kutoka mahakamani, akaburuta kigoda mpaka chini ya saa ya ukumbini, ambayo ilikuwa bado imelala pale pale tangu Machi, na kumwita bawabu. "Panda, Wendell. Iamshe."

Ndiyo, Wendell ni mimi. Ufagio ulikuwa wangu. Nimebaki mlangoni pale miaka ishirini na miwili baada ya siku hiyo, watoto wangu wote wawili wamesoma, na sijawahi kumshukuru kwa maandishi mpaka leo. Asante, Bi Ardith. Ulisema kweli yote na bado ukanifikisha nyumbani nina kazi. Mpaka leo sijui mwingine anayeweza kufanya hayo mawili kwa jibu moja.

Gavana alimtumia ujumbe kwamba akichoka na maseneta aje afanye kazi kwake. Alijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba ingemlazimu kujipelekea miswada na kuipokea mwenyewe, na hajui angewezaje kuifanya kazi hiyo bila kucheka. Januari ilipofika, sote tulikaa tukisubiri Seneta Zabloudil amwondoe. Alisimama, akakohoa, akapendekeza jina la Bi Ardith kwa mdomo wake mwenyewe. "Nimuondoe," alituambia baadaye kantini, "halafu nani ausome mwandiko wangu?"

Habari ya Lorna tuliijua Septemba ya 2001, alipokuja na kigoda alichokichonga kwa mkono, cha kupandia kwenye saa. Dada hao wawili walisimama kwenye korido wakizungumza kwa vidole, wakicheka bila sauti, na mimi mlangoni nikaelewa kwa mara ya kwanza mikono ile ilikuwa inatetemekea nini kwenye ngazi. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mngenihurumia," alisema. "Na huruma ingeingia kitabuni."

Tangu mwaka ule saa ya ukumbini haijalazwa hata mara moja. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni kwamba yeye yupo. Naandika hili kwa sababu wiki iliyopita seneta mmoja mpya aliniuliza, kwa utani tu, kama ule ufagio bado upo stoo.

Upo. Lakini hautakuwepo kesho. Tumeufunga utepe, na ndio zawadi yetu kwako, Bi Ardith, pamoja na kigoda cha Lorna, ambacho ni chako tangu zamani. Upeleke ufagio Grable ukafagie vumbi la mbao, mbali na saa yoyote. Hafla ni leo saa kumi na robo, chini, kwenye duka la kinyozi, kwa kuwa ndicho chumba pekee ambacho mihimili yote mitatu inaingia bila kugombea nani akae mbele. Mzee Pettaway, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, atakuwepo, na saa yake bado iko ukutani.

Tunakushukuru kwa kila ukurasa uliousoma tulipokusihi uruke. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, kula pai isiyohitaji sahihi ya mtu, na siku zako ziwe nyingi, Jumapili zikihesabiwa. Hapa chini tumekuachia mstari. Tunajua sheria zako: usipoujaza, kuaga huku hakujafika, na wewe bado ni karani wetu. Hatutakulazimisha kalamu.

Imepokelewa na: ____________________

Saa (ya kinyozi): ____________________